Kujifunza Kazi ya Mtungaji wa Hadithi

Muhula uliopita mwalimu wetu wa darasa alituuliza, mmoja mmoja, twataka kufanya kazi gani tukimaliza masomo. Wengi walisema udaktari, wengine uhandisi, wengine ualimu, na mmoja alisema atanunua mitumbwi na injini afanye uvuvi kama baba yake. Zamu yangu ilipofika nilisema nataka kuwa mtungaji wa hadithi. Darasa zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hata mimi nilicheka pamoja nao. Lakini tulipotoka nje rafiki yangu mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Hebu niambie kweli. Udaktari husomewa Bugando. Hiyo kazi yako husomewa wapi?"

Sikuwa na jibu. Likizo nzima nililitafuta vitabuni, kwa wazee, na katika daftari langu mwenyewe lililojaa makosa. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mwanafunzi anayeandika hadithi kwa siri na kuificha chini ya godoro. Nimeyaandika pia kwa wazazi, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

HADITHI NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba hadithi ni uongo uliopambwa, na kwamba mtungaji ni mtu hodari wa kudanganya. Sivyo. Nitatoa mfano ambao kila mtu wa Mwanza ataufahamu. Tarehe 21 Mei mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na mji wetu, na mamia ya watu walikufa. Magazeti yalitangaza habari hiyo, na vitabu vya historia vimeiweka. Hayo yote ni ya lazima, maana mambo kama hayo yapasa kuandikwa kwa tarehe na kwa hesabu. Lakini tarehe na hesabu hazituambii habari za mama mmoja aliyefika bandarini asubuhi ile kumpokea binti yake, naye amebeba kanga mpya mkononi. Alifikiri nini? Alisimama pale mpaka saa ngapi? Na ile kanga aliifanya nini baadaye?

Mama huyo nimembuni mimi. Hata hivyo, ni nani atakayesema kwamba mama wa namna hiyo hakuwapo? Basi hiyo ndiyo kazi ya mtungaji: hubuni mtu mmoja ili aseme kweli juu ya watu wengi. Akimbuni vibaya, msomaji hujua mara moja kwamba amedanganywa, naye hufunga kitabu.

SHULE YA KWANZA: MZEE KITEREZA

Kila siku meli hutoka Mwanza kwenda Nansio katika kisiwa cha Ukerewe. Ni safari ya saa tatu hivi. Wengi wetu tumesafiri kwa meli hiyo, au twawajua wenzetu watokao huko, lakini si wengi wajuao kwamba kisiwa hicho kimeipa nchi yetu watungaji watatu wakubwa wa riwaya. Wa kwanza wao ni Mzee Aniceti Kitereza.

Mzee Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma shule ya misheni ya Kagunguli, hapo hapo kisiwani, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba. Huko alikaa miaka mingi akijifunza Kilatini na lugha nyingine. Hakuwa padre. Alirudi, akaoa, akafanya kazi ya ukarani hapa Mwanza, na baadaye akarudi Ukerewe kufanya kazi misheni. Yeye na mkewe walipata watoto, lakini watoto hao walifariki wangali wadogo.

Katika miaka ya 1940 aliona kwamba wazee waliojua desturi za kale walikuwa wakifa mmoja mmoja, na vijana waliobaki hawakuzijua. Padre mmoja kutoka Kanada, jina lake Almas Simard, alimtia moyo aandike. Basi Kitereza akaandika riwaya ndefu sana kwa lugha yake ya Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Ni habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliopendana lakini hawakupata mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na Myombekere yampasa kwenda ukweni kumwomba, na kulipa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa mkewe. Hatimaye wanapata tiba, kisha wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Ndani ya hadithi hiyo mna kilimo, uvuvi, dawa, harusi, mazishi, na jinsi mgeni anavyokaribishwa. Mambo hayo hayakuwekwa kama somo la darasani. Yameingia kwa sababu watu wa hadithi wanayahitaji katika maisha yao.

Riwaya ilikwisha, lakini mchapaji hakupatikana. Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na kitabu kilikuwa kinene. Miaka ikapita. Padre Simard akafariki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria mmoja wa Marekani, Gerald Hartwig, alifika Ukerewe pamoja na mkewe Charlotte kufanya utafiti, wakamkuta mzee na mswada wake. Ikaonekana kwamba njia ya kuuchapa ni Kiswahili. Wakati huo Mzee Kitereza alikuwa na zaidi ya miaka 70, na viungo vyake vilikuwa vikimwuma. Akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akaitafsiri riwaya yote mwenyewe. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata, 1981, mzee akafariki.

Tupige hesabu. Toka 1945 hata 1980 ni miaka 35. Mimi nina miaka 17, kwa hiyo kitabu kile kilingoja muda unaozidi umri wangu mara mbili. Baada ya kifo chake kilitafsiriwa kwa Kijerumani, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 2002, nayo ni kazi ya Profesa Gabriel Ruhumbika, ambaye pia ni mtoto wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1938. Yeye ndiye wa pili katika wale watatu niliowataja, naye ametunga riwaya ya Kiswahili iitwayo Miradi Bubu ya Wazalendo, iliyotoka mwaka 1992.

Nimejifunza mambo mawili kwa Mzee Kitereza. La kwanza, hakungoja mchapaji ndipo aanze kuandika. Wako wanafunzi wasemao, "Nitaandika nikipata mtu wa kunichapia." Hao hawataandika. La pili, alipoambiwa kwamba kazi aliyoimaliza itampasa kuifanya tena kwa lugha nyingine, hakuitupa. Sisi tukirudishiwa insha ili tuiandike upya twanung'unika, na ni kurasa mbili tu.

SHULE YA PILI: PROFESA KEZILAHABI

Wa tatu ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Alisoma seminari ya Nyegezi, hapa hapa Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alikuwa mhadhiri. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, yaani alipokuwa kijana wa miaka 27 tu. Ni habari za msichana wa kijiji hicho cha Namagondo ambaye baba yake alimfunga kwa ukali mno, na alipotoka mikononi mwa baba hakujua kujiongoza.

Kitabu hicho kilisema wazi mambo ambayo watu walikuwa wakiyanong'ona, hata mambo ya walimu waliowaharibu wasichana waliopaswa kuwalinda. Kwa muda kilikatazwa mashuleni. Baadaye kilikubaliwa, na leo husomwa na kufundishwa. Kezilahabi aliendelea: Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, Gamba la Nyoka mwaka 1979. Mashairi yake katika Kichomi, mwaka 1974, yaliwaudhi baadhi ya washairi kwa sababu hayakufuata vina na mizani. Alifariki tarehe 9 Januari mwaka 2020.

Hapa nilijifunza kwamba maisha ya mtungaji si ya kupigiwa makofi tu. Mtu akiandika kweli, wako watakaokasirika. Lakini tusikosee: kukasirisha watu si dalili ya kuandika vizuri. Mtu mjinga pia aweza kukasirisha watu. Kezilahabi alimjua Rosa, alimjua na baba yake, akaonyesha jinsi kila mmoja alivyofika pale alipofika. Hiyo ndiyo tofauti, nami sikuielewa mpaka nilipokosea mwenyewe, kama nitakavyosimulia.

MAMBO NILIYOJIFUNZA KWA KUKOSEA

Kwanza: usilolijua, uliza. Mwaka jana nilitunga hadithi ya kijana mvuvi wa mwaka 1947. Nikaandika kwamba alivua sangara mkubwa, akamwuza, akapata mahari. Niliipenda sana hadithi hiyo, nikamsomea babu yangu. Babu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hadithi nzuri, mjukuu wangu. Lakini huyo sangara alitoka wapi?" Nikasema, "Ziwani, babu." Akacheka mpaka akakohoa. Sangara hakuwamo katika ziwa letu mwaka ule. Aliletwa katika miaka ya 1950, na hakuenea sana mpaka miaka ya 1980. Watu wa mwaka 1947 walivua ngege, na furu, na samaki wengine wa asili. Kadhalika magugumaji, ambayo nilikuwa nimeyaweka ufukoni, hayakuonekana ziwani mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa neno moja, samaki wangu aliivunja hadithi nzima, maana msomaji akigundua kwamba hujui samaki, hatakuamini unapomweleza moyo wa mtu.

Pili: tazama kwa macho yako mwenyewe. Zamani nilianza kila hadithi hivi: "Jua lilikuwa kali na ndege waliimba kwa furaha." Sentensi hiyo yaweza kuwa ya mahali po pote duniani. Siku moja nilikaa ufukoni saa mbili nzima karibu na wanawake wanaoanika dagaa. Nikaona kwamba hawalitazami jua hata kidogo. Walitazama mawingu. Wingu dogo upande wa ziwa liliwafanya wanyamaze wote pamoja, maana mvua ikinyesha juu ya dagaa waliotandazwa mchangani, mali imeharibika, na fedha ya kununulia ilikuwa ya mkopo. Nikajifunza pia kwamba wavuvi wa dagaa huenda usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu. Basi mtu aandikaye kwamba wavuvi wa dagaa walivua sana chini ya mwezi mpevu amejisema mwenyewe kwamba hajawahi kuamka usiku. Siku hizi sianzi na jua. Naanza na mwanamke anayetazama wingu.

Tatu: mtu wa hadithi lazima atake kitu, na lazima kiwepo kizuizi. Nilikuwa na hadithi ya kurasa kumi na mbili ambayo rafiki yangu alilala katikati yake. Nilimwuliza kosa ni nini, akasema, "Huyo mtu wako anatembea tu." Alisema kweli. Tumtazame Myombekere: anamtaka mkewe, naye mkewe yuko kwa wazazi wake. Mpaka apige hatua moja kumfikia, yampasa kukubali aibu, kutafuta ndizi, kukamua pombe, kupata watu wa kuibeba. Twasoma kurasa nyingi za kutengeneza pombe bila kuchoka, kwa sababu twajua pombe ile ndiyo mlango wa nyumba ya mkwe. Ukiondoa ile haja ya Myombekere, kinachobaki ni somo la mapishi.

Nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote: mtu wa hadithi awe mtu kamili. Hapa naona haya kidogo, lakini nitasema.

Nina shangazi ambaye aliolewa, akakaa miaka sita bila kupata mtoto, kisha wakwe wakamrudisha nyumbani. Mimi nilikuwa mdogo wakati huo. Nilipokuwa Kidato cha Tatu niliandika hadithi juu ya mwanamke wa namna hiyo. Nilibadili jina lake na kijiji chake, lakini niliacha ule mwanzi katika meno yake ya mbele, na desturi yake ya kuimba akiwa anachota maji. Katika hadithi yangu mwanamke yule alilia ukurasa wa kwanza, akalia ukurasa wa tatu, na mwisho akakaa juu ya jiwe akingoja kufa. Wenzangu bwenini waliisoma wakasikitika, nami nikafurahi kwamba wamesikitika. Mmoja wao alikuwa wa kijiji chetu. Aliichukua likizo akawasomea watu kwao.

Nilipofika nyumbani nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitika, "Marahaba." Kisha akasema, "Njoo unisomee na mimi." Nilitaka kukataa, lakini haiwezekani kumkatalia shangazi yako. Nikasoma yote, nikiwa nimeinamisha kichwa. Alipokuwa akisikiliza alikuwa akichambua mchele, na mikono yake haikusimama hata mara moja. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ni kweli nililia. Lakini mwanangu, mbona hukuandika ng'ombe zangu?"

Sikuelewa. Ndipo aliponieleza. Aliporudishwa alianza kununua dagaa kwa ndoo moja, akauza, akanunua mbili, mpaka akapata ng'ombe wawili wake mwenyewe. Ng'ombe mmoja aliuzwa mwaka ule baba yangu alipougua, na dawa zikanunuliwa kwa fedha hiyo. Nilikuwa nimeishi karibu naye maisha yangu yote, na sikujua. Akaongeza, "Hata siku ile niliyorudishwa sikukaa juu ya jiwe. Nilikuta mama amelala na homa, nikaingia jikoni nikapika."

Wasomaji wapenzi, hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenigombeza. Nilikuwa nimechukua huzuni yake bila kumwomba, kisha nikaacha kila kitu kingine alichokuwa nacho. Nilimtumia ili watu waseme mimi najua kutunga. Siku ile nilielewa ubora wa Bugonoka wa Mzee Kitereza. Yeye pia hana mtoto, lakini hakai juu ya jiwe. Analima, anapika, anacheka, ana wazazi wanaomtetea, ana mambo anayoyapenda na anayoyachukia. Kukosa mtoto ni tatizo lake, si jina lake. Nami nadhani kwamba Kitereza, aliyekuwa amewazika watoto wake mwenyewe, alijua vema kwamba mtu mwenye huzuni bado hupika, na bado huwakaribisha wageni.

Kwa hiyo naweka kanuni mbili hapa. Ukichukua jambo la mtu aliye hai, mbadilishe mpaka yeye mwenyewe asiweze kujiona. Na kama huwezi, mwombe ruhusa. Na kabla hujaandika machozi ya mtu, tafuta kwanza alifanya nini siku hiyo kwa mikono yake.

Tano: andika upya. Hadithi ya kwanza itokayo kichwani ni kama dagaa watokao ziwani. Ni chakula, lakini bado wana maji na mchanga. Mimi huiweka hadithi wiki mbili bila kuitazama, kisha naisoma kwa sauti. Mahali ninapojikwaa ulimi, hapo pana kosa. Mahali ninapotamani kuruka, hapo msomaji ataruka pia, basi hufuta. Na neno lo lote nililoliweka ili nionekane nimesoma sana, hilo hulifuta kwanza.

JE, MTU ATAKULA NINI?

Swali hili huulizwa na wazazi, nalo ni swali la haki. Nimechunguza maisha ya watungaji wakubwa wa kwetu, nikaona kwamba karibu wote walikuwa na kazi nyingine. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali. Mzee Kitereza alikuwa karani, kisha mtumishi wa misheni. Kezilahabi na Ruhumbika walifundisha vyuo vikuu. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wa kati alikuwa akifundisha chuo kikuu Uingereza. Serikali yetu nayo imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2022, jambo la kushukuru. Lakini tuzo hupewa wachache, na chakula huliwa kila siku.

Kwa hiyo kijana atakaye kutunga asidharau hesabu wala sayansi. Ajifunze kazi ya kumlisha, na ajiwekee saa yake ya kuandika. Mimi nina nusu saa baada ya kujisomea jioni, kabla taa hazijazimwa. Nusu saa ni ndogo, lakini kwa muhula mmoja imenipa kurasa 46, na katika hizo nadhani 9 ni nzuri.

JIBU LANGU

Sasa namjibu rafiki yangu. Uliniuliza kazi hii husomewa wapi. Husomewa katika vitabu, maana hakuna mtungaji asiyesoma, na maktaba yetu ina vitabu ambavyo havijafunguliwa toka mwaka vilipoletwa. Husomewa ufukoni, na sokoni, na jikoni kwa shangazi. Haina cheti. Mtihani wake hutahiniwa na msomaji, naye hatoi maksi. Huendelea kusoma au huacha.

Wanafunzi wenzangu, nawapa zoezi moja kwa likizo ijayo. Chagueni mzee mmoja wa nyumbani. Msimwulize, "Tuambie hadithi," maana atawapa ile ya sungura na fisi. Mwulizeni alikuwa akifanya kazi gani alipokuwa na umri wenu, alinunua nini kwa fedha yake ya kwanza, na ni jambo gani ambalo hajapata kuulizwa na mtu. Kisha nyamazeni, andikeni.

Nanyi wazazi wetu, hii ndiyo sababu niliyowaahidi. Mtoto wenu akija na daftari kuuliza maswali ya zamani, msimwambie, "Kasome, acha upuuzi." Huko nako ni kusoma. Mzee Kitereza aliwahi kuandika kwa sababu waliojua walikuwa wangali hai wakamweleza. Babu yangu ana miaka 88, na bado sijamaliza kumwuliza habari za ngege.

Wengine watauliza, hadithi ya shangazi iko wapi, mbona haimo katika gazeti hili? Nimeiandika upya mara nne. Sasa ina ndoo ya dagaa, na ng'ombe wawili, na homa ya bibi, na haina jiwe. Nilimsomea likizo iliyopita. Alinirekebisha mahali pawili, moja juu ya bei ya ndoo na moja juu ya wimbo, kisha akasema bado anafikiri. Basi nami nangoja. Kitereza alingoja miaka 35, nami sishindwi kungoja muhula mmoja.

Hapa naweka kalamu chini, maana kengele ya kulala imelia.